Masala na maslahi: chupa moja ya viungo na saa ya baina ya Magharibi na Isha

KATIKA vijiji vya Lupembe, mkoani Njombe, kazi ya siku huamuliwa na jani la chai. Jani likishachumwa halina subira. Sharti lifike kiwandani siku ileile, kwani likilundikana na kupata joto huharibika. Kwa sababu hiyo mchumaji, ambaye aghalabu ni mama wa familia, hana uhuru wa kuondoka shambani apendapo. Hupeleka jani lake kituoni, akangojea mizani, akangojea gari, kisha ndipo akashika njia ya nyumbani na kuni kichwani. Afunguapo mlango wa jiko, adhana ya Magharibi imekwisha kusikika.

Kuanzia hapo hadi Isha, katika nchi hii iliyo karibu na ikweta, kuna muda wa saa moja na dakika chache. Ndani ya muda huo mama huyo anatakiwa aswali, awashe moto, achambue mboga, atwange kitunguu saumu, apike, aogeshe watoto na awapeleke darsani. Jioni za Lupembe zina baridi na ukungu, hususan mwezi wa Juni na Julai, na mtoto aliyekaa karibu na moto huku tumbo likiwa tupu husinzia upesi. Chakula kinapoiva, mwenye kula amelala.

Nikiwa katibu wa kamati ya msikiti, mimi ndiye nishikaye daftari la mahudhurio ya darsa la watoto. Daftari hilo huonesha jambo moja kwa uwazi: Jumamosi na Jumapili majina hujaa, na siku za kazi huwa machache. Katika kikao kimoja cha kamati, wapo walioshauri wazazi waandikiwe barua ya onyo. Bibi mmoja mtu mzima, aliyeketi upande wa akina mama, aliomba ruhusa ya kusema. "Mwanangu ustadhi," alisema, "barua ya nini? Watoto hawa hawaikimbii dini. Wanangojea sufuria."

Barua haikuandikwa. Kilichofuata ni mazungumzo marefu kuhusu sufuria, na makala haya ni sehemu ya matunda yake. Najua wapo watakaouliza mwanamume, tena wa kamati ya msikiti, ana nini na habari za jikoni. Jawabu lipo katika Sahihi ya Bukhari, ambamo Bi. Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Alieleza kwamba alikuwa katika kuwatumikia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ulipofika alitoka kwenda kuswali. Kazi ya nyumba na wakati wa swala vimetajwa hapo pamoja, katika jawabu moja, na hivyo ndivyo vinavyokutana katika majiko yetu kila jioni.

Nitazungumzia kitu kidogo sana, nacho ni mchanganyiko wa viungo, ule ambao wengi wetu huuita masala au binzari, uliotengenezwa nyumbani mara moja kwa mwezi, ukatiwa katika chupa kavu, na ukatumika siku za kazi kwa mboga yoyote iliyopo.

Neno lenyewe lina historia inayostahili kusimuliwa. Masala limetufikia kutoka Bara Hindi. Watu wa huko walilipata kwa Waajemi, na Waajemi kwa Waarabu, ambako asili yake ni masalih, wingi wa maslaha. Msomaji aliyepita madrasa ataitambua maslaha mara moja: ni istilahi ya wanazuoni wa usul al-fiqhi, yenye maana ya jambo lililo na manufaa kwa watu. Kiswahili kimelichukua neno hilohilo kwa njia nyingine na kulifanya maslahi. Kwa hiyo masala ya jikoni na maslahi ya familia ni ndugu wa tumbo moja, waliopotezana njiani kwa sababu mmoja alipitia India na mwingine akaja moja kwa moja. Bizari nayo ina asili ya Kiarabu, na hadi leo watu wa Oman huuita mchanganyiko wao wa viungo kwa neno linalofanana na hilo.

Karibu kila jamii ya Waislamu ina chupa yake ya namna hii. Waarabu wa Mashariki ya Kati wana baharat, neno ambalo maana yake ni viungo tu. Watu wa Morocco wana ras el hanout, yaani kichwa cha duka, kwa maana ya vilivyo bora katika duka la muuza viungo. Waethiopia, Waislamu na Wakristo, wana berbere. Hata Qur'ani Tukufu, katika Suratul-Insan, aya ya 17, inaitaja tangawizi katika kinywaji cha watu wa Peponi, na neno linalotumika hapo, mizaj, maana yake ni mchanganyiko. Sisemi kwamba aya hiyo imeteremshwa kufundisha upishi. Nasema tu kwamba kuchanganya viungo si anasa ya kisasa iliyoletwa na matangazo ya biashara.

Huku kwetu, hata hivyo, viungo vimebaki kuwa vya sikukuu. Mkoa wa Njombe ni nchi ya mahindi, viazi mviringo, maharage, njegere, kabichi na sasa parachichi, na mapishi ya asili ya Wabena hayakutegemea mdalasini wala iliki. Viungo vilikuja na wafanyabiashara, na vikaja pamoja na pilau. Matokeo yake ni kwamba familia nyingi za Kiislamu hununua pakiti ndogo ya binzari ya pilau siku ya Idd, hutumia nusu, na nusu iliyobaki hukaa juu ya kabati mpaka Idd nyingine, ikiwa imepoteza harufu na kubaki vumbi. Siku za kazi maharage huungwa kwa chumvi, mafuta na kitunguu, au kwa kidonge cha supu kutoka dukani. Akina mama waliozaliwa pwani na kuolewa huku hulalamika juu ya jambo hili kwa adabu, nasi tumezoea kuyachukulia malalamiko yao kuwa ni hamu ya nyumbani tu.

Ilhali viungo vyenyewe si vigeni katika nchi hii. Karafuu za Zanzibar, ambazo kilimo chake kilienea katika karne ya 19 chini ya Sayyid Said bin Sultan, hutoka kwa sehemu kubwa Pemba. Iliki hulimwa katika milima ya Usambara Mashariki, mkoani Tanga. Pilipili manga na mdalasini hutoka Muheza na katika milima ya Uluguru, Morogoro. Binzari nyembamba ndiyo ambayo kwa wingi huagizwa kutoka India. Bidhaa hizi hupanda kwa barabara kuu ya Dar es Salaam kupitia Morogoro na Iringa mpaka Makambako, pale barabara inapogawanyika kuelekea Mbeya na Songea, na kutoka hapo huja Njombe, Kibena, na hatimaye kwetu. Kila kituo huongeza faida yake, na kila kituo hupunguza ukubwa wa pakiti. Ndiyo maana mwenye kununua pakiti ndogondogo dukani kijijini hulipa zaidi, gramu kwa gramu, kuliko anayenunua robo kilo sokoni Makambako.

Kabla ya kueleza namna ya kuchanganya, niseme kweli juu ya jambo moja ambalo waandishi wa mapishi hulificha. Mchanganyiko wa viungo hauivishi chakula. Kinachochelewesha majiko ya Lupembe ni maharage, na maharage ya nyanda za juu yana udhuru wake. Maji huchemka kwenye nyuzi 100 yakiwa usawa wa bahari, na kiwango hicho hushuka kwa karibu nyuzi 1 kila unapopanda mita 300. Mahali palipo na mwinuko wa mita 1,500 maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, nayo hayaongezeki joto hata ukizidisha kuni. Mama aliyekulia Tanga akidhani kwamba maharage ya Njombe ni sugu kwa tabia, tatizo liko katika maji, si katika maharage.

Dawa yake ni kuloweka maharage usiku kucha, kumwaga maji ya kulowekea, na kuchemsha sufuria kubwa siku isiyo ya kazi au alfajiri baada ya swala, moto ukiwa umeshawashwa kwa ajili ya chai. Yachemshwe bila kitunguu, bila nyanya na bila nazi. Kwa baridi yetu maharage yaliyochemshwa hivyo, yakifunikwa na kuchemshwa upya asubuhi na jioni, hutumika siku ya kwanza na ya pili bila shida. Yasivushwe hapo kama nyumba haina friji.

Hapo sasa ndipo chupa ya viungo inapoingia. Maharage ambayo tayari ni laini yanahitaji kuungwa tu, na kuunga kwa kawaida humaanisha kutwanga kitunguu saumu, kutafuta tangawizi, kukumbuka kwamba binzari imekwisha, kumtuma mtoto dukani, na mtoto kukutana na wenzake njiani. Vitendo hivyo vidogo ndivyo vinavyoila saa. Aliye na chupa hukata kitunguu na nyanya, huchota kijiko, na kwa muda wa robo saa mboga iko mezani. Faida ya pili haionekani kwa saa ya ukutani: mama aliyechoka hapaswi kufikiri apike vipi, kwa kuwa alikwisha kufikiri siku ya Jumapili akiwa ametulia.

Mchanganyiko ninaoueleza umejaribiwa katika majiko kadhaa ya hapa, na vipimo vyake si sheria. Chukua vijiko 4 vya mezani vya binzari nyembamba na vijiko 4 vya giligilani kavu. Tahadhari unaponunua, kwani jina binzari hutumika kwa vitu viwili tofauti, na ukiomba binzari bila maelezo unaweza kupewa manjano. Binzari nyembamba ni ile mbegu ndogo ya kahawia iliyo mfano wa punje nyembamba za mpunga, ambayo baadhi ya watu wa pwani huiita uzile. Ongeza kijiko 1 cha mezani cha pilipili manga, karafuu 10, iliki 15, na vipande 2 vya mdalasini vyenye urefu wa kidole. Hivi vyote viwe vizima. Pembeni weka kijiko 1 cha mezani cha manjano ya unga na kijiko 1 cha tangawizi kavu iliyosagwa.

Chumvi haimo kwa makusudi. Kila mboga ina chumvi yake, na mchanganyiko wenye chumvi hukunyang'anya uwezo wa kuongeza harufu bila kuongeza chumvi. Pilipili kali nayo haimo, kwa sababu chupa hii ni ya familia nzima, pamoja na mtoto wa miaka 2 na babu mwenye vidonda vya tumbo. Mwenye kuipenda atakata yake sahanini mwake.

Katika vitabu vya mapishi vya pwani utaambiwa uanike viungo juani. Lupembe jua lenyewe huomba ruhusa kwa ukungu, kwa hiyo tumia kikaango kikavu na moto mdogo. Anza na mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga, kisha giligilani, na binzari nyembamba iwe ya mwisho na peke yake, kwani huungua upesi kuliko ndugu zake. Hesabu dakika 2 au 3, ukikoroga bila kuacha. Alama ya kutosha ni harufu kujaa jikoni. Rangi ikigeuka kuwa nyeusi umechelewa, na uchungu wake hautatoka. Manjano na tangawizi ambazo zimekwisha kusagwa zisikaangwe.

Baada ya hapo mimina viungo katika sinia pana na usubiri vipoe kabisa. Hatua hii hupuuzwa na wengi, nayo ndiyo yenye madhara makubwa kwa mazingira yetu. Viungo vikisagwa vikiwa vya moto hutoa mvuke, mvuke hukwama ndani ya chupa, na unyevu huo huotesha kuvu. Sumukuvu, ambayo tumezoea kuisikia ikitajwa kwa mahindi na karanga, huweza kuwamo katika viungo pia, na haiondoki kwa kupikwa. Vikipoa, sagia katika kinu kilichofutwa vizuri au katika mashine ya kusagia, chekecha, rudishia makapi, saga tena, kisha changanya na manjano na tangawizi. Tia katika chupa ya kioo iliyokauka, andika tarehe juu yake, uiweke mbali na moto na mwanga. Kijiko cha kuchotea kiwe kikavu, wala usitikise chupa juu ya sufuria inayotoa mvuke, hata kama hivyo ndivyo wanavyofanya katika matangazo ya televisheni.

Utapata zaidi ya nusu kikombe. Kwa familia ya watu 6, kijiko 1 hadi 2 vya chai hutosha mboga moja, na kwa matumizi hayo chupa hufika mwezi mmoja. Usitengeneze ya miezi sita kwa kuona ni uhodari. Kiungo kizima hutunza harufu yake muda mrefu, kiungo kilichosagwa huipoteza siku baada ya siku.

Namna ya kutumia ni moja kwa vyakula vingi. Kaanga kitunguu mpaka kilainike, tia viungo, koroga kwa muda wa nusu dakika, kisha upesi weka nyanya au kijiko cha maji visije vikaungua. Mafuta ndiyo yanayobeba harufu ya viungo, na ukivitupa viungo katika maji yanayochemka utapata nusu ya ulichokinunua. Kuanzia hapo kilichobaki ni mboga: Jumatatu maharage, Jumanne viazi mviringo na njegere, Jumatano kabichi, ambayo ikipata binzari nyembamba na karoti hubadilika kiasi cha kuwafanya watoto wasiitambue. Dagaa hupendeza zaidi ukiongeza ndimu mwishoni. Wali wa siku ya kazi hutiwa kijiko kimoja na kuitwa pilau na wasiojua. Wenye kujua hunyamaza kwa heshima ya mpishi.

Kitunguu saumu sikukisahau. Kikiwa kibichi hakifai kukaa katika chupa kavu, na kikiwa cha unga hakina fadhila kubwa, kwa hiyo kitwangwe kinapohitajika na kiive sawasawa. Mtume (S.A.W.) amemkataza aliyekula kitunguu au kitunguu saumu kibichi asiukaribie msikiti kwa ajili ya harufu yake, na imepokewa kutoka kwa Sayyidna Umar (R.A.) kwamba mwenye kuvila aviue harufu kwa kuvipika. Chakula cha jioni huliwa dakika chache kabla ya safu za Isha, na jirani yako katika safu ana haki yake.

Kuna watakaosema, mbona pakiti zilizokwisha kuchanganywa zipo madukani, na kazi yote hii ya nini? Swali ni la haki, na sisemi pakiti ni haramu. Nasema zisomwe. Kanuni ya maandishi ya pakiti ni kwamba kiambato kilicho kingi kwa uzito hutangulia. Ukikuta chumvi imetajwa ya kwanza, basi kilichouzwa kwa jina la viungo kwa sehemu kubwa ni chumvi, nayo ina bei ndogo sana ikiuzwa kwa jina lake. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, na wagonjwa wa shinikizo la damu katika safu zetu wanaongezeka. Vidonge na unga wenye ladha ya kuku au ng'ombe vina suala la ziada: mafuta hayo ya mnyama yametoka kwa mnyama gani, na alichinjwa vipi? Pasipo nembo ya halali inayoaminika wala maelezo ya asili yake, Muislamu ana nafasi ya kuacha, nasi tuna binzari.

Zaidi ya chumvi kuna udanganyifu. Unga ni rahisi kuchafuliwa kwa sababu jicho halioni ndani yake. Unga wa mahindi huongezwa katika binzari ili kuzidisha uzito, na rangi huongezwa ili kuficha unga wa mahindi. Huko Bangladesh, mwaka 2019, watafiti walithibitisha kwamba manjano ilikuwa ikitiwa rangi ya njano yenye madini ya risasi ili ing'ae na kuuzika, na madini hayo hudhuru ubongo wa mtoto. Serikali ya nchi hiyo iliingia sokoni kwa ukaguzi na adhabu, na hali ikabadilika katika muda mfupi. Hapa nchini usalama wa chakula, uliokuwa chini ya TFDA, tangu mwaka 2019 uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na mnunuzi anayo haki ya kutafuta alama yake kwenye pakiti. Manjano inayong'aa kupita kiasi isikuvutie. Mzizi uliotoka shambani ukiwa bado na udongo wake ni bora, na ukiukosa, mchanganyiko wetu unaweza kukamilika bila manjano kabisa.

Katika Sahihi ya Muslim imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipita sokoni penye lundo la nafaka, akaingiza mkono wake ndani na kukuta unyevu. Mwenye mali alijitetea kwamba ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuuweka ule uliolowa juu ili watu wauone, na akajitenga na mwenye kudanganya. Wafanyabiashara wa viungo, wakiwemo Waislamu wenzetu wa Makambako na Njombe mjini, wanaijua hadithi hii kuliko mimi. Viungo vilivyosagwa ni lundo ambalo mkono hauwezi kuingia. Nami sioni utetezi wa kuchanganya unga wa mahindi katika binzari kisha kufunga duka kwenda kuswali Adhuhuri.

Yapo mambo mawili ambayo akina baba wa Lupembe walipaswa kuyasikia katika kikao kile, na waliyasikia. La kwanza ni kwamba kinu hakina jinsia. Kusaga viungo mara moja kwa mwezi kwahitaji mkono wenye nguvu, na mwanamume aliyekaa Jumapili mchana akingojea taarifa ya habari anao. Watoto wakubwa, wa kiume na wa kike, waweza kuchambua iliki. La pili ni kwamba mke hapaswi kulaumiwa kwa kuchelewa swala ya jamaa ya mumewe ikiwa hakusaidiwa. Mtume (S.A.W.) ameelekeza kwamba chakula cha jioni kikishaandaliwa na swala ikakimiwa, watu waanze na chakula wala wasiharakishwe, ili moyo usibaki sahanini. Ruhusa hiyo ni rehema, na chakula kikiwahi hatutaihitaji mara kwa mara.

Harufu nayo husafiri. Waislamu wa Lupembe ni wachache, na majirani zetu wengi ni Wakristo tunaoishi nao kwa wema. Mtume (S.A.W.) alimuusia Abu Dharr (R.A.) apikapo mchuzi azidishe maji yake na awaangalie majirani. Mama mmoja alinieleza kwamba wiki ya kwanza ya kutumia chupa yake jirani alibisha hodi, akamwamkia kwa "Kamwene", kisha akauliza kuna sherehe gani ambayo hakualikwa. Alipewa bakuli la maharage na nusu ya viungo vilivyobaki katika kinu. Sasa wanasaga pamoja.

Ununuzi ndio uliobaki kupangwa, na tumeupanga hivi. Akina mama wa msikiti watachanga kila baada ya miezi 2, na wawili kati yao watakwenda Makambako kununua viungo vizima tu, si vya unga, kwa vipimo vya kilo. Vitapimwa msikitini mbele ya wote, kila mmoja apate kwa kadiri ya mchango wake, na hesabu iandikwe katika daftari la kamati. Kuna aliyependekeza tusage vyote kwa pamoja kwenye mashine ya mahindi ili kurahisisha. Akina mama walikataa, kwa sababu mashine hiyo husaga nafaka mchana kutwa na haiwezi kusafishwa ikaisha unga. Kila nyumba itasaga yake. Tumeanza na familia ambazo watoto wao wana nafasi tupu nyingi katika daftari la darsa, na ambaye hana cha kuchanga awamu hii amewekewa fungu lake kutoka katika sadaka ya Ijumaa, bila jina lake kusomwa.